Nilitaka mwanga, nikamfungulia jirani dirisha: shiti za plastiki za paa, duka la Mwembe Tayari

Assalam aleikum wapendwa. Hii ni ya wale wanaotafuta zile shiti za plastiki za kuingiza mwanga kwa paa, zile mafundi karibu wote wa hapa Mombasa wanaziita transparenti hata kama ukiangalia huoni kitu. Mie nimezinunua mara mbili mwaka huu, mara ya kwanza nusura nilie, mara ya pili ndo hii naiandikia. Ni ndefu kidogo, kajipikie chai kwanza.

Mie ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Majengo, nyumba ya kiswahili ya marehemu babu, vyumba mkono huu na mkono huu, ukumbi katikati, uani nyuma. Madera, mabuibui, yunifomu za madrasa shule zikikaribia kufunguliwa. Cherehani iko uani manake ndani ni joto, lakini uani kwenyewe kuliezekwa mabati zamani kwa sababu ya mvua, kwa hivo saa nane mchana kule nyuma utafikiri magharibi imeingia. Sasa wewe shona buibui jeusi kwa uzi mweusi ndani ya kiza kile. Taa inawaka kutwa, tokeni za stima zinaisha kama peremende, na bado nikishona pindo naipapasa kwa kidole kama kipofu.

Fundi wa paa akaniambia dawa yake ni moja tu, toa mabati manne weka transparenti nne. Ilikua Februari, kaskazi imekaza, jua kali kweli kweli. Nikaenda duka fulani (silitaji, na si ndilo la Mwembe Tayari), nikasema nipe transparenti nne, kijana akanitolea shiti nne safi kama kioo cha kabati, nikalipa nikaondoka. Kusema haki hakuniibia, nilichotamka ndo nilichopewa. Ila hakuniuliza hata mara moja naenda kuzifunika wapi na chini yake kunakaa nani.

Siku ya kwanza raha. Uani kumefunguka, unaona mawingu, unaona mnazi wa nyumba ya pili. Ya pili nikaanza kazi ndo nikaona balaa. Jua lilikua linaingia kama lilivyo, linachora kipande cheupe sakafuni chenye kingo kali utafikiri umekata kwa mkasi, kile kipande kinatembea pole pole, saa sita kiko mezani, saa sita na nusu kiko juu ya cherehani yenyewe. Kitambaa kinamulika mpaka macho yanatoka machozi, na mkono wangu mwenyewe unatupa kivuli cheusi ti, na kivuli kinaangukia wapi? Pale pale sindano inapoingia. Nikisogea kushoto kivuli nacho kinasogea. Yaani mwanga upo mwingi kuliko nilivyowahi kuwa nao maishani na bado sindano siioni!

Joto usiseme. Mombasa iko kama digrii 4 tu kusini ya ikweta, kwa hivo mwanzo wa Machi jua linakupita utosini kabisa, na mwanzo wa Oktoba tena. Wenye kofia wanajua. Mie lilikua linanipita utosini ndani ya nyumba yangu.

Lakini hayo yote ningevumilia. Nyuma yetu imejengwa fleti, ghorofa nne. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu mzima, twaheshimiana sana, tukakutana kwa muuza mboga akanishika mkono, "Mwanangu, lile dera la manjano lamependeza, umelimaliza?" Nikaitikia vizuri, shikamoo na nini, nikafika kwenye kona ya msikiti ndo nikasimama. Lile dera lilikua halijatoka nje ya nyumba. Liko mezani uani, nusu limeshonwa, na mie uani nakaa na khanga moja kifuani kwa joto, kichwa wazi, nimejiachia kama mtu yuko kwake. Hakua na nia mbaya maskini, alichungulia tu chini kuanika nguo. Usiku ule ule mamangu akatoa shuka kuukuu akalitandaza chini ya zile shiti kwa kamba. Kwa hivo hesabu yake ni hii: hela ya shiti nne, hela ya fundi, alafu shuka, alafu kiza tena.

Ndo nikafika hili duka la pili. Liko maeneo ya Mwembe Tayari, si yale makubwa ya barabarani, hili limejificha kidogo, mlango mmoja, nje wamesimamisha mabati na mabomba ya PVC. Jina nimeliacha kusudi manake sijawaomba ruhusa, lakini ukiulizia duka lenye mzee wa kofia ya vito anaekula mahamri nyuma ya kaunta utaelekezwa.

Nikamwambia, "Ami, nataka zile za katikati. Nusu transparenti."

Akatafuna akameza kwanza. "Nusu ya nini, mwanangu? Nusu ya mwanga au nusu ya kuona?"

Nikabaki namwangalia. Mie nilidhani ni kitu kimoja. Kichwani mwangu ilikua kama maji ya bomba: fungua yote, hiyo transparenti, funga nusu, hiyo translusenti, funga yote, hilo ni bati. Kumbe siyo hivo hata kidogo, na yule mzee alinionyesha kwa gazeti la mahamri yake.

Si unajua mahamri yakitoka karaini yakafungwa kwa gazeti, mafuta yanachora madoa. Akatoa yale mahamri akayaweka pembeni, akaliinua lile gazeti mlangoni kwenye jua. Pale penye doa panang'aa, mwanga unapita, karatasi kavu pembeni imefifia. Alafu akalirudisha likalala juu ya kaunta. Doa lile lile sasa limekua jeusi kuliko karatasi. "Umeona? Pale mwanga umepita kwa hivo haukurudi kwako. Unaopita na unaorudi na unaomezwa, jumlisha hiyo mitatu, lazima ije mia. Kikizidi kimoja chapungua chengine."

Nikamuuliza sasa mafuta yamefanya nini, mbona karatasi ni ile ile. Akasema karatasi si nyeupe kwa sababu ya rangi, ni nyuzi nyuzi zimelaliana na katikati hewa tupu, mwanga ukiingia unagonga uzi, unatoka kwenye hewa, unagonga uzi mwengine, unapinda kila mara mpaka mwingi unatokea ulikoingia. Mafuta yakijaza zile nafasi mwanga hauoni tena tofauti kubwa kati ya uzi na kilichoko katikati, unapita bila kusukumwa sukumwa. Ndo maana tui la nazi ni jeupe na maji na mafuta ya nazi kila kimoja peke yake unaona chini ya bakuli. Ndo maana povu la bahari pale Mama Ngina ni jeupe na maji yenyewe hayana weupe. Hii ya tui na povu nimeongeza mie njiani narudi, yeye alikomea kwenye gazeti manake aliingia mteja wa misumari.

Nyumbani usiku nikaingia intaneti nikakuta hilo doa lina historia. Robert Bunsen, yule mkemia Mjerumani wa karne ya 19, alitumia karatasi yenye doa la mafuta kupimia nguvu za taa: unaweka taa moja huku na moja kule, unasogeza karatasi mpaka doa lisionekane, hapo pande zote mbili zinapata mwanga sawa. Mahamri tu, wallahi.

Turudi dukani. Mteja wa misumari alipotoka mzee akanitolea vipande vitatu vya sampuli, akaviweka juu ya lile gazeti. Cha kwanza kiko wazi kabisa, ndo kile nilichonacho nyumbani. Cha pili kama kimekwaruzwa laini, kina ukungu, mfano wa kioo cha mlango wa ofisi. Cha tatu cheupe kama maziwa. Akaniambia soma gazeti. Nikasoma, vyote vitatu, hata cha maziwa maandishi yanaonekana, yamefifia lakini unasoma. Alafu akaviinua kama shubiri moja juu ya gazeti. Kile cha wazi bado nasoma. Cha ukungu herufi zimekwenda, umebaki ukungu wa kijivu. Cha maziwa hata hujui kama chini kuna gazeti.

Hapo ndo nilicheka peke yangu pale dukani mpaka yule kijana wake akaniangalia. Manake hii kitu naijua! Naijua tangu nina miaka kumi na tano! Kila mteja akija kushona dera la kitambaa chepesi swali lake la kwanza ni "fundi, hii haionyeshi?", na mie natia mkono ndani ya kitambaa, nikiugusisha vidole vinaonekana mpaka hina, nikiuacha mkono mbali kidogo unaona kivuli tu. Ndo maana dera pana lenye nafasi halionyeshi na lile lile ukilibana linaonyesha, ndo maana twatia bitana. Na nguo ikilowa? Ikilowa inaonyesha zaidi, kwa sababu ile ile ya mafuta ya mahamri, maji yamejaza nafasi za uzi. Miaka yote hiyo nashona natia bitana, kumbe kwa paa nikaenda nikanunua shifoni bila bitana nikajifunika nayo.

Kwa hivo kama ni kulitafsiri hilo neno translusenti mie siku hizi nasema hivi: lapitisha mwanga, halipitishi sura. Transparenti lapitisha vyote viwili. Opeki, kama bati la kawaida, halipitishi hata kimoja. Na ule mwanga unaopita unaweza kuwa mwingi au mdogo, hiyo ni hesabu nyengine kabisa.

Na hizo hesabu zipo, zimeandikwa, ila hakuna anaekwambia usome. Kwenye karatasi ya maelezo kulikua na namba mbili kwa kila shiti. Ya kwanza ni mwanga unaopita wote kwa jumla, kwa asilimia, wao wanaiita transmitansi. Ya pili ni hezi, yaani ukungu. Hiyo hezi nilikuja kuisoma vizuri baadae: katika ule mwanga uliopita, ni asilimia ngapi umepinda zaidi ya digrii 2.5 kutoka njia yake. Basi, ndo maana yake yote. Kipande cha wazi kilikua 88 na hezi 1. Cha ukungu kilikua 83 na hezi 90 na ushei. Hebu tulia usome tena hapo. Mwanga wake ni karibu sawa na wa kile cha wazi, umepungua asilimia tano tu, lakini jirani wa ghorofa ya tatu haoni kitu. Cha maziwa kilikua 45, hezi imejaa karibu mia.

Mie nikarukia cha ukungu hapo hapo, namba kubwa si ndo bora. Mzee akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema basi chukua cha maziwa. Nikadhani anataka kunipitishia mali iliyokaa. Lakini hesabu yake ni hii, na nimekuja kuithibitisha: nje jua la saa sita linafika kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Mezani pa fundi wa nguo viwango vya Ulaya vinataka lux 750. Hata shiti ya 45 ikafunika kipande tu cha paa, unabakiwa na mwanga wa kumwaga, na kile usichokihitaji kinarudi juu badala ya kushuka na joto lake. Ila akanikanya kitu kimoja ambacho nakipenda sana kwa muuzaji, akasema usiichukue hii 45 ukadhani ndo joto nalo linapita 45 tu, hii ni ya mwanga wa macho tu, karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kwa mionzi ambayo jicho haliioni, na hiyo ina hesabu yake. Muuzaji mwengine angeniambia "itakua kama ina AC".

Walikua nazo za rangi pia, buluu, kijani, kahawia. Kama unashona au unauza nguo usiguse. Kuna shoga yangu fundi amefunika shiti ya kijani, ukienda kwake kulinganisha uzi na kitambaa utajuta, na kila mtu pale ndani anaonekana kama ametoka kuugua malaria.

Bei: kwa shiti moja ilikua zaidi kidogo ya mara mbili ya bati la geji 30 la urefu ule ule. Hizi ni polikaboneti (aina ya plastiki ngumu) za migongo, migongo yake inalaliana na ya mabati ya kawaida, hakikisha tu unabeba kipande cha bati lako ulinganishe manake migongo si yote sawa. Nililipa kwa M-Pesa, risiti nikapewa bila kuiomba, mkokoteni mpaka Majengo juu yangu, wao usafiri hawana.

Sasa mambo ya kufunga, na hapa sikilizeni sana. Polikaboneti yenyewe inazuia karibu mionzi yote ya urujuanimno (ile UV ya jua), hata ile ya wazi, lakini ile mionzi ndo inaila, inaigeuza njano na kuikausha mpaka ipasuke, kwa hivo kiwandani upande mmoja unapakwa ngozi ya kuikinga. Upande huo lazima uangalie juu. Utaujua vipi? Kwa ile nailoni iliyobandikwa, upande wa juu ina maandishi. Sasa fundi wangu, Mungu amzidishie, mara ya kwanza alizibandua zote pande zote mbili pale chini, akazirundika, alafu ndo akapanda nazo. Ukimuuliza upande gani ni upi anakwambia "ni sawa tu dada, ni plastiki". Mara hii nikasimama mie mwenyewe na chaki yangu ya kukatia nguo, kila shiti nikaitia alama ya pembe kabla hajaigusa. Alininunia mpaka adhuhuri.

Ya pili ni matundu. Hii plastiki inatanuka mara tano hivi ya chuma. Shiti ya mita tatu ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka jua la saa nane, tuseme digrii 35 zimeongezeka, inarefuka karibu milimita 7. Kwa hivo tundu litobolewe pana kuliko skurubu, na skurubu iwe na washa ya mpira, usiikaze mpaka ikanyonga. Duka hawakuniambia hii. Hili ni kosa lao namba moja, na kosa namba mbili ni kwamba skurubu walizonipa zilikua bila mpira, nikarudi tena siku ya pili, wakabadilisha bila maneno lakini nauli na jua ni zangu. Kosa la tatu yule kijana alikata shiti moja kwa msumeno wa umeme na unga wa plastiki ukabaki umeganda kwenye migongo, niliutoa kwa sabuni na kitambaa nusu siku nzima. (Sabuni ya maji na kitambaa laini tu, tafadhali. Petroli na thina zinaichana chana.) Na wanafunga kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, swala na chakula, hawana haraka, usiende saa hizo ukasimama nje kama mie.

Na kelele. Magharibi zikianza kupoa zinalia tak, tak, tak. Siku ya kwanza mamangu alidhani watu wako juu ya paa. Tumezoea sasa.

Matokeo? Shuka limerudi kabatini. Uani sasa hakuna kile kipande cheupe cha kutembea, mwanga umeenea wote sawa, unashuka kutoka kila upande kwa hivo mkono wangu ukitupa kivuli kimoja kwa huku mwanga wa kule unakifuta. Sindano naiona. Buibui jeusi uzi mweusi, naziona mpaka nyuzi za kitambaa zimekwenda vipi. Nimepima kwa simu, ile programu ya lux, najua simu si mizani ya dhahabu lakini zamani ilikua inasoma 90 na taa imewashwa, sasa saa nne asubuhi inasoma zaidi ya 1,500 bila taa. Tokeni zinadumu. Joto bado lipo, siwadanganyi, ila si lile la kuungua kichwa. Nguo ya mteja nyeupe au ya rangi kali bado siiachi mezani wiki nzima, mwanga wa kawaida nao unapausha pole pole.

Kabla sijasahau, wenye dirisha la bafu la kioo cha kukwaruzwa: ule upande wenye mikwaruzo usiuweke kule maji yanakorukia. Maji yakijaza ile mikwaruzo kioo kinakua wazi na wewe ndo uko ndani. Jaribuni kwa kidole kilicholowa mtaona. Na hata kikiwa kikavu, ukikikaribia sana sura yako inatoka, kama mkono ndani ya kitambaa. Simama mbali nacho.

Duka nalipa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa skurubu na ule unga. Mzee peke yake ningempa sita. Nilimpelekea mahamri ya mamangu wiki iliyofuata, akayala, akaliangalia gazeti, akasema, "Haya hayana mafuta mengi, hayafai kufundishia."

Yule mama wa ghorofa ya tatu tumekutana tena juzi, akaniambia siku hizi hanioni, niko salama? Nikamwambia niko, alhamdulillah.

Wanaotuona sasa ni paka tu, na hata wao twawaona sisi. Mtoto wa dadangu, ana miaka sita, akitoka chuoni analala chali kwenye mkeka chini ya cherehani anangoja. Paka akipita juu ya shiti unaona nyayo zake nne safi kabisa, mpaka vidole, pale anapokanyaga. Mwili hakuna, ni wingu la kijivu linaelea. Kunguru vile vile, kucha tatu mbele moja nyuma, juu yake ukungu. Ananiuliza, "Mamdogo, kichwa chake kiko wapi?" Namwambia kiko mbali na gazeti.